Moshi Kidogo, Hewa Nyingi: Paja la Nguruwe la Milima ya Tirol Kusini

Harufu ilinifikia kabla ya nyama. Nilikuwa nimeshuka basi kijijini Santa Magdalena, mwisho wa bonde la Villnöss, kaskazini kabisa mwa Italia, wikiendi ya kwanza ya Oktoba, siku ambazo bonde zima husherehekea nyama moja tu. Mbele yangu vilele vya Geisler vimechomoza kama meno ya msumeno, na chini yake vibanda vya mbao vimejipanga kando ya barabara. Ila pua yangu haikuwa Ulaya. Ilikuwa Marangu, jikoni kwa bibi, chini ya dari lililojaa masizi, ambako mahindi ya mbegu yalikaa msimu mzima juu ya mafiga, na baada ya Krismasi vipande vya nyama vikaungana nayo.

Nyama inayosherehekewa Villnöss inaitwa Speck. Ni paja la nguruwe lililotolewa mfupa, likasuguliwa chumvi na viungo, likafukizwa moshi usio na joto, kisha likatundikwa kwa miezi kadhaa hewa ya mlimani iliendee polepole. Wenyeji wana kanuni moja fupi, na utaisikia kwa mzee na kwa kijana: moshi kidogo, hewa nyingi. Nilidhani ni maneno ya kunogesha biashara. Nilipoelezwa kazi yenyewe hatua kwa hatua, nikaona kwamba katika maneno hayo manne mna karne kadhaa za kukosea na kujifunza.

Najua kuna wasomaji wengi ambao nguruwe hamo katika sahani zao kwa sababu ya imani, nami nawaheshimu. Wasiache kusoma. Maarifa haya hayamhusu mnyama mmoja. Katika milima hiyohiyo ya Alpi, watu wa Valtellina hutengeneza bresaola kwa nyama ya ng'ombe, na majirani zao wa Graubünden huko Uswisi wana nyama yao ya ng'ombe iliyokaushwa kwa upepo. Wa Kayseri, Uturuki, wana pastırma. Swali lao wote ni moja: umechinja leo, na familia italazimika kula hadi lini?

Bonde la Villnöss, kwa kweli, si geni kwa mlima wetu wa Kilimanjaro. Reinhold Messner, mpanda milima mashuhuri, amekulia humo, na mwaka 1978 yeye na Konrad Renzler walipanda ule ukuta wa kutisha wa Breach, upande wa kusini-magharibi mwa Kibo. Na kabla yake, mwaka 1889, Hans Meyer alipofika kileleni, aliyekuwa naye alikuwa Ludwig Purtscheller, mzaliwa wa Innsbruck, mji mkuu wa Tirol ya leo upande wa Austria. Sisi wa Marangu tumelelewa na simulizi za Yohani Kinyala Lauwo aliyewaongoza wageni hao. Hatukuwahi kuuliza wageni wenyewe walitoka katika milima gani.

Walitoka katika milima iliyokatwa na mpaka. Hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, Tirol yote ilikuwa chini ya dola ya Austria-Hungaria. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakata upande wa kusini wa njia ya mlimani ya Brenner na kuupa Italia, ingawa wengi wa wakazi walikuwa wasemaji wa Kijerumani. Utawala wa Mussolini ukageuza majina ya vijiji na mito kuwa ya Kiitaliano na kufukuza Kijerumani shuleni. Mwaka 1939 watu waliambiwa wachague: wahamie kwa Hitler, au wabaki na waache kuwa Wajerumani. Familia ziligawanyika mezani. Amani ya kweli ilianza kushika mizizi baada ya sheria ya kujitawala ya mwaka 1972. Leo kibao cha barabarani kina lugha mbili, na katika mabonde machache kina ya tatu, Kiladini.

Nimesimulia siasa hiyo kwa sababu ukikata paja hilo unaiona. Nenda kusini, Parma: paja hukaushwa na mfupa wake, kwa chumvi peke yake, bila moshi hata kidogo, kwa miezi isiyopungua 14. Upepo mkavu unaotoka vilimani unatosha kuifanya kazi yote. Nenda kaskazini, Ujerumani, hadi Msitu Mweusi: huko hali ya hewa ni ya baridi na unyevu, upepo hautoshi, kwa hiyo paja hutiwa moshi mwingi wa miti ya jamii ya msonobari hadi ngozi inakuwa nyeusi na ladha ya utomvu inakaa ulimini. Tirol Kusini iko katikati, kwenye mgongo wa milima ambako hewa hizo mbili hukutana. Wakachukua moshi kwa jirani wa kaskazini na upepo kwa jirani wa kusini, wakavipunguza vyote viwili hadi vikapatana. Hata jina lenyewe ni la mpakani. Kwa Mjerumani wa kawaida, neno Speck humaanisha mafuta ya nguruwe. Kwa mtu wa Bolzano, mji wa Tirol Kusini, awe Mjerumani au Mwitaliano, ni paja hili na si kingine.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko kwenye utamu.

Paja hutolewa mfupa kwanza. Sababu ina maana kubwa: nyama nene huanza kuharibika ndani, karibu na mfupa, mahali ambapo chumvi huchelewa kufika. Wazalishaji wa Parma, wanaouacha mfupa, hulazimika kulidunga kila paja kwa sindano iliyochongwa kwa mfupa wa farasi na kuinusa, ili kujua kama ndani kumeoza. Wa Tirol Kusini waliamua kuuondoa mfupa na wasiwasi wake. Paja likawa bapa, chumvi ikapata njia fupi.

Kisha viungo. Kila familia ina mchanganyiko wake na hautajwi kwa mgeni, ila msingi unajulikana: chumvi, pilipili manga, rozimari, majani ya lauri, na matunda madogo ya rangi ya samawati iliyoiva ya mti ambao sisi tunamjua ndugu yake. Mti huo ni wa jamii moja na mtarakwa wetu, ule ambao watu wa Usambara wanauita mwangati na ambao bado umesimama kwenye misitu ya juu ya Kilimanjaro na Aberdare. Sisi tumeutumia kwa nguzo za uzio kwa kuwa hauozi. Wao wameona kwamba kilicho ndani ya mti usiooza kinaweza pia kuleta ladha nzuri kwenye nyama isiyooza.

Paja hulala kwenye chumvi hiyo karibu wiki 3, likigeuzwa mara kwa mara ili maji yanayotoka yasituame upande mmoja. Kazi ya chumvi ni kuvuta maji. Bakteria ni kiumbe kama sisi, hawezi kuishi bila maji, na penye chumvi ya kutosha maji yaliyobaki hayawezi kumfaa. Lakini mlaji naye ana ulimi. Kanuni rasmi za Speck ya Tirol Kusini haziruhusu chumvi kuzidi asilimia 5 ya nyama iliyokamilika. Mtu anayejua chumvi peke yake angeimwaga kwa wingi ili alale usingizi. Hawa wanaweza kupunguza chumvi kwa sababu wana msaidizi wa pili, yaani moshi.

Na hapa ndipo panapotofautisha fundi na mchomaji. Moshi wa Speck hauruhusiwi kuzidi nyuzi joto 20. Ukizidi hapo, mafuta yanaanza kulainika na nyama inaelekea kupikwa, na nyama iliyopikwa nusu ni karamu ya vijidudu. Kwa hiyo moto hauko chini ya nyama. Kuni zinafuka pembeni, moshi unasafiri, unapoa, ndipo unafika. Nyama hufukizwa kwa vipindi: leo moshi, kesho hewa safi, kisha moshi tena. Kuni ni za Buche, mti wa majani mapana wenye mbao ngumu usio na utomvu wa kunata. Moshi wake huacha juu ya nyama ngozi nyembamba ya kemikali zinazoua vijidudu na kuzuia mafuta yasichachuke. Harufu ni zawadi ya ziada.

Halafu inakuja sehemu ambayo haina mshindo wowote, nami naamini ndiyo yenye ufundi mkubwa kuliko zote: kungoja. Paja hutundikwa kwenye chumba chenye nyuzi joto kati ya 10 na 15, madirisha yakifunguliwa na kufungwa kufuata upepo. Kutoka chumvini hadi sokoni safari nzima huchukua wastani wa wiki 22. Katika muda huo ukungu mweupe huota juu ya nyama kama vumbi la unga. Mgeni angeshtuka akautupa mzigo wote. Fundi hufurahi. Ukungu huo hulinda uso wa nyama usikauke haraka kuliko ndani, kwa maana uso ukishakuwa mgumu kama gome, maji ya katikati yamefungiwa na nyama itaoza ikiwa inaonekana kavu. Mwishoni ukungu huondolewa. Paja limepoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na kilichobaki ni chekundu kilichokolea, kikizungukwa na mafuta meupe, na ukilinusa unapata moshi kwa mbali na mtarakwa kwa karibu.

Hofu iliyozaa uangalifu huu haikuwa ya kubuni. Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari mmoja wa Württemberg aliyekuwa pia mshairi, Justinus Kerner, aliandika kwa kina juu ya watu waliokufa baada ya kula soseji zilizotengenezwa vibaya. Ugonjwa huo hadi leo unaitwa botulizimu, kutokana na neno la Kilatini la soseji.

Lakini watu wa milima hii walianza zamani zaidi. Tarehe 19 Septemba 1991 wapandaji wawili kutoka Nuremberg, mume na mke, walikuta maiti ya mtu imeganda kwenye barafu, mita 3,210 juu ya usawa wa bahari, upande wa Tirol Kusini. Ikabainika kuwa alikufa miaka 5,300 hivi iliyopita, kwa mshale uliomwingia begani. Watu wakamwita Ötzi. Amehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Bolzano katika baridi ya nyuzi 6 chini ya sifuri, na unamtazama kupitia kidirisha kidogo. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Eurac ya mji huohuo walichapisha kilichokuwa tumboni mwake: nyama ya mbuzi wa milimani na ya kulungu, nafaka ya ngano ya kale, na mafuta mengi sana. Nyuzi za nyama zilionyesha kwamba haikuwa imepitia moto mkali. Huenda ilikuwa imekaushwa. Si nguruwe, wala hakuna aliyesema ni Speck. Lakini mtu anayepanda mlima akiwa na mafuta na nyama ambayo haihitaji kupikwa njiani, huyo kwa fikra ni mwenyeji wa bonde hilohilo.

Katika nyumba za zamani za wakulima, nyama ilifukizwa pale palipopikwa. Jiko lilikuwa na moto wazi, hakuna dohani, moshi ukatafuta njia yake chini ya dari la mawe lililopinda, na kwenye dari hilo mapaja yakatundikwa. Nguruwe alichinjwa mwanzoni mwa majira ya baridi, baridi yenyewe ikiwa jokofu la siku za kwanza. Nyama haikuliwa kwa pupa. Iligawanywa hadi kiangazi kinachofuata, kipande kidogo na mkate mgumu wa nafaka ya rai uitwao Schüttelbrot, ambao nao uliokwa kwa kukaushwa ili ukae muda mrefu. Mlo huo wa alasiri, nyama, mkate na divai, unaitwa Marende hadi leo, na vuli ikifika, majirani hutembeleana kuonja divai mpya na njugu za mitini zilizochomwa, Speck ikiwa katikati ya meza.

Kuna jambo jingine lililoiweka desturi hii hai, nalo ni ardhi. Sheria ya Tirol Kusini inatambua shamba lisilogawanywa: mzazi akifa, shamba lote huenda kwa mrithi mmoja, na ndugu wengine hulipwa fidia. Ni sheria ngumu, na bila shaka imewaliza wengi. Lakini imefanya nyumba, zizi, chumba cha moshi na msitu wa kuni vibaki pamoja chini ya paa moja la maarifa. Nikakumbuka vihamba vyetu, vinavyokatwa kila kizazi hadi mtoto wa leo anarithi migomba kumi na ugomvi. Sisemi tuige. Nasema kwamba chakula cha jadi hakidumu hewani. Kinadumu mahali palipo na nafasi ya kukitundika.

Leo Speck ni utajiri. Wazalishaji walijiunga katika muungano mwaka 1992, na mwaka 1996 Umoja wa Ulaya ukaipa Speck ya Tirol Kusini ulinzi wa kiashiria cha kijiografia, yaani hakuna mtu wa nje ya jimbo hilo anayeweza kutengeneza nyama na kuiuza kwa jina hilo. Paja lililopita ukaguzi hupigwa chapa ya moto kwenye ngozi. Wazalishaji wenye haki hiyo ni kama 30 tu, na kwa mwaka hutoa mapaja zaidi ya milioni 2.

Hesabu hiyo inaibua swali, na kulikwepa itakuwa si haki kwa msomaji. Mabonde haya yenye miteremko mikali yana tufaha, zabibu na ng'ombe wa maziwa. Nguruwe ni wachache mno. Mapaja milioni 2 yanatoka wapi? Sehemu kubwa hutoka nje, katika nchi nyingine za Ulaya zenye mashamba makubwa ya nguruwe. Sheria inaruhusu. Ulinzi wa aina hii haumlindi mnyama, unalinda ufundi: chumvi, moshi, hewa na muda. Parma wamejifunga zaidi, kwani kwao nguruwe lazima azaliwe na kufugwa Italia. Nimelitafakari jambo hili na naona lina pande mbili. Ni kweli kwamba kazi inayoitofautisha Speck hufanyika Tirol Kusini na si kwingine. Ni kweli pia kwamba mnunuzi anayetazama picha ya mlima kwenye pakiti anafikiri nguruwe naye aliuona mlima huo. Picha isimdanganye, pakiti iandike mnyama alikotoka kwa herufi kubwa sawa na za jina la jimbo. Wapo wakulima wachache wanaofuga nguruwe wao na kumfukiza wao wenyewe, nyama yao ni ghali zaidi, na kwa maoni yangu inastahili bei hiyo.

Kuna onyo jingine ambalo halina utata. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka nyama zilizosindikwa, Speck ikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kula gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Wazee waliokuwa wakikata vipande vyembamba kama karatasi na kuvitafuna polepole na mkate hawakujua saratani, lakini walijua kipimo. Ukipata nafasi ya kuonja, kata kama wao: ondoa ngozi, pinga nyuzi za nyama, kata nyembamba.

Na kuna moshi wenyewe. Jikoni kwa bibi nilikuwa nikitoka nikifikicha macho, naye alibaki. Alikohoa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wengi wa wanaouvuta kila siku ni akina mama na watoto wadogo. Watu wa Tirol Kusini waliutoa moshi jikoni wakaujengea chumba chake. Mpishi akapona, nyama ikabaki. Sisi tulifanya nusu ya pili kinyume: tulipoleta gesi na dari la bati jeupe, tuliondoa moshi pamoja na kila kilichoning'inia ndani yake. Nafurahi kwa ajili ya mapafu ya dada zangu. Nahuzunika kwamba hakuna aliyeandika chochote kabla ya kufagia masizi.

Maana bibi alikuwa na kanuni zake. Mkaratusi haukuingia jikoni mwake siku za nyama, alisema unaipa nyama uchungu wa dawa. Msonobari hakuutaka kabisa. Baada ya Krismasi aliwasha matawi makavu ya mibuni aliyoyapogoa mwenyewe na kuyaweka pembeni, si chini ya nyama, yafuke tu yasiwake. Mti mgumu, usio na utomvu, moto kando, moshi uliopoa. Nilisafiri hadi Villnöss kuambiwa hayo na mtu mwenye aproni ya buluu kama jambo la ajabu, na nikatambua kwamba niliyaona kwa macho yangu nikiwa na miaka saba. Sikuwahi kumuuliza alijifunza kwa nani, nyama ilikaa siku ngapi, wala chumvi ilikuwa kiasi gani.

Bibi yangu alishafariki. Kama wako yu hai, au mama mkubwa, au jirani aliyewahi kutundika samaki, nyama au mahindi juu ya mafiga, mwendee wikiendi hii na daftari. Muulize alitumia kuni za mti gani, na kwa nini aliukataa ule mwingine.